Mti Mkuu Ukianguka: Safari ya Morogoro na Milima ya Uluguru

Msomaji mpendwa, leo nakuomba tusafiri pamoja. Twende Morogoro. Nauli hutatoa, wala hutasukumwa na mtu mlangoni pa basi. Kaa tu hapo barazani pako, na watoto uwaite wasikilize. Tutatazama mto, mashamba, mji na milima. Lakini nina neno moja ninalotaka tulizungumze njiani: jinsi tunavyozipokea habari za vifo vya watu mashuhuri tuliowapenda, na jinsi mapokezi hayo yanavyobadilika kadiri miaka yetu inavyoongezeka.

Labda utaniuliza, Morogoro na habari hizo zina uhusiano gani? Ngoja uone. Morogoro umekaa njia panda. Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa karibu kilometa 200, na hapo Msamvu barabara ya Dodoma na barabara ya Iringa zaagana. Wakubwa wote wa nchi yetu wamepita hapa mara nyingi. Mmoja wao hakumaliza njia.

DAKAWA

Basi tuanzie upande wa Dodoma. Gari lapita Gairo penye baridi na upepo, lateremka mpaka Dumila, ambako wachuuzi huyakimbilia madirisha ya mabasi na beseni zao vichwani. Mbele kidogo nchi yatandaa kama mkeka. Hapo ni bonde la Mto Wami, na mashamba makubwa ya mpunga ya Dakawa. Ukitazama mbele, upande wa kusini, utaona kama wingu la buluu limesimama. Si wingu, ndiyo Uluguru.

Mahali hapa, tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa akitoka Dodoma bungeni kurudi Dar es Salaam. Gari lake likagongana na gari lililoendeshwa na mkimbizi kutoka Afrika ya Kusini. Sokoine akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 45 tu. Leo mahali hapo panaitwa Wami Sokoine, na pana mnara wa kumkumbuka.

Wenye umri mkubwa wanaikumbuka jioni ile. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa habari hiyo kwa redio. Tafakari jambo hili: Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922, maana yake kesho yake alikuwa anatimiza miaka 62. Mzee alimtangaza kijana wake. Aliyetazamiwa kuzika alizikwa, na aliyekuwa mbele kwa umri akabaki nyuma kulia.

Sasa fikiri nyumba moja ya kijijini siku ile, redio ya betri mezani, watu wa rika zote wameizunguka. Habari ilikuwa moja, lakini haikuingia katika masikio yao kwa namna moja. Mtoto mdogo hakumjua Waziri Mkuu. Kilichomtisha ni machozi ya baba yake, maana hakuwahi kuyaona. Kijana wa miaka 20 aliona nguzo imeanguka. Mwaka uliotangulia, 1983, alimsikia Sokoine akiwaandama wahujumu uchumi, wakati sukari, sabuni na nguo vilikuwa adimu madukani, akaamini kwamba sasa mambo yatanyooka. Mtu wa miaka 45 alinyamaza kimya, akahesabu umri wake kwa vidole. Na bibi kizee pale pembeni alisikitika kwa namna yake: mimi nimebaki, na huyu mwenye nguvu amekwenda!

Wahenga wetu walisema, mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Ni kweli. Lakini tukumbuke kwamba wana wa ndege hawabaki wana siku zote. Hukua, na siku moja nao huwa na makinda yanayowatazama. Neno hilo ndilo nataka tulifuate katika safari yetu.

MJINI CHINI YA MLIMA

Tunaingia mjini. Morogoro umelala miguuni pa mlima hata mtu asiweze kutembea mtaa mmoja bila kuinua macho. Huu ni mji wa shule, vyuo na misheni, maana Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa katika miaka ya 1880 wakitokea Bagamoyo. Tena ni mji wa muziki. Katika miaka ya 1950 na 1960 bendi mbili zilishindana hapa, Cuban Marimba na Morogoro Jazz, na kila moja ilikuwa na watu wake wasiotaka kusikia habari za nyingine.

Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba, alifariki kwa ajali katika mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alifika mbali. Mwaka 1970 bendi yake ilikwenda hata Osaka, Japani, katika maonyesho makubwa ya dunia. Baadaye, mwaka 1973, alianzisha bendi yake ya Super Volcano. Januari 1979 akafa huko Mombasa kwa ajali ya gari, hajatimiza miaka 35.

Kijana wa miaka 18 akifiwa na mwimbaji wake hulia kana kwamba amefiwa na ujana wenyewe. Huona nyimbo zimekwisha duniani. Basi, mtazame mtu huyo huyo leo, sasa ni babu. Arusini wakipiga wimbo wa Mbaraka, halii. Hutabasamu, na mguu wake hutikisika chini ya meza. Wimbo ule sasa humrudishia siku zake mwenyewe: baiskeli yake ya kwanza, suruali yake pana, na msichana ambaye leo ni bibi wa wajukuu zake. Ndivyo ilivyo. Tunapoendelea kuzeeka, katika kumlilia mtu mashuhuri tunalilia pia sehemu ya maisha yetu aliyokuwa ameishika mkononi. Si dhambi, wala si ubinafsi. Lakini yafaa mtu ajue ni nini hasa anachokililia.

Hebu inua macho tena. Kule juu ya kilele cha Bondwa utaona minara ya mawasiliano. Minara ya namna hiyo ndiyo inayopokea sauti na kuzitupa kwetu: habari za mvua, za mpira, na za misiba. Nami nikiitazama nakumbuka mfululizo mmoja ambao labda hukuuangalia vema.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alitangaza kifo cha Sokoine. Tarehe 14 Oktoba 1999 Rais Benjamin Mkapa alitutangazia kwamba Mwalimu mwenyewe amefariki huko London, akiwa na miaka 77. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Julai 2020 Rais John Magufuli alitutangazia kifo cha Mkapa. Na tarehe 17 Machi 2021 Makamu wa Rais, Mama Samia Suluhu Hassan, alitutangazia kifo cha Magufuli. Mwezi wa Februari mwaka huo huo Magufuli alikuwa hapa Morogoro, akifungua Soko Kuu la Chifu Kingalu, akizungumza na watu kwa sauti yake ile tunayoijua.

Umeona? Mtangazaji wa leo ndiye atakayetangazwa kesho. Ukiona mwenzako ananyolewa, tia kichwa chako maji. Neno hili si la marais peke yao. Katika kila ukoo yuko mtu ambaye siku hizi ndiye anayepiga simu za misiba, anayetuma vijana kwa ndugu, anayechagua mahali pa kaburi. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya baba yake. Siku utakapoona kazi hiyo imehamia kwako, ujue umehama rika.

Tena, umri wa kufa haufuati foleni. Sokoine na Mkapa walizaliwa mwaka mmoja, 1938, mmoja Agosti na mwenzake Novemba. Mmoja alifariki na miaka 45, mwenzake alifika 81. Magufuli alikuwa na 61, na bibi wengi wa miaka 80 walimlilia kama mama anavyomlilia mwana. Lakini tarehe 29 Februari 2024, alipofariki Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa na miaka 98, msiba ulikuwa wa namna nyingine. Wengi walitokwa na machozi huku wakisimuliana habari za Mzee Ruksa na kucheka. Mti uliozaa mpaka ukachoka hauliliwi kama mti uliokatwa ungali na maua.

MAZIMBU

Twende sasa Mazimbu, nje kidogo ya mji. Hapa palikuwa na shule ya wakimbizi wa Afrika ya Kusini, vijana waliokimbia utawala wa ubaguzi wa rangi. Ilianza mwaka 1978, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu huko Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Alikuwa na miaka 22. Katika Mazimbu kuna makaburi ya Waafrika ya Kusini waliofia ugenini, kabla ya kuiona nchi yao huru.

Ukisimama hapo makaburini, kumbuka Dakawa. Aliyeendesha lile gari lililogongana na gari la Sokoine alikuwa mkimbizi wa watu hawa hawa. Maneno yalisemwa mengi siku zile, na mpaka leo wapo wanaoyasema. Mtu tuliyempenda akifa ghafula, moyo hutafuta wa kulaumiwa. Uchungu wataka mahali pa kukaa. Ingekuwa rahisi uchungu ule ukae juu ya wageni. Lakini wakimbizi hawakufukuzwa. Shule iliendelea na kazi yake mpaka mwaka 1992, walipoikabidhi kwa nchi yetu na kurudi kwao. Jambo hilo ni heshima kwa marehemu kuliko mnara wa mawe. Kulia kwa kijana huwa na ngumi ndani yake. Mtu mzima hujifunza kulia na mikono wazi.

Na tazama jinsi mambo yalivyokutana. Mazimbu leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, nayo yaitwa Kampasi ya Solomon Mahlangu. Majina ya marehemu wawili, mmoja wa miaka 22 na mmoja wa miaka 45, sasa yamo katika chuo kimoja, na vijana wasiowajua kwa sura huyaandika kila siku juu ya madaftari yao.

MGETA

Chuo hicho kilianza kazi kwa jina la Sokoine mwezi wa Julai 1984, hata miezi mitatu haijatimia tangu msiba. Kabla ya hapo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utasema, kutoa jina ni jambo rahisi. Kweli, jina peke yake ni rangi ya ukutani. Basi twende tukaone kama jina hilo limezaa kitu.

Twashika barabara ya Iringa, twapita Mzumbe, kisha twapanda milima kuelekea Mgeta. Njia yajipinda kama nyoka, na baridi yaingia mpaka mifupani. Mashamba yamening'inia ubavuni mwa mlima ngazi kwa ngazi: kabichi, njegere, karoti, viazi mviringo. Mboga nyingi zinazoliwa Dar es Salaam zimebebwa kichwani na akina mama wa hapa kabla ya kufika kwenye lori.

Sikiliza milio uani. Ni mbuzi, lakini si mbuzi wetu wa kawaida. Ni mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, walioletwa hapa katika miaka ya 1980 kwa kazi ya Chuo cha Sokoine, maana mlimani hapana nafasi ya kulisha ng'ombe wengi. Mtoto wa Mgeta anayekunywa kikombe cha maziwa asubuhi hamjui Sokoine. Babu zake ndio waliomlilia. Lakini kikombe kile kimepita katika jina lake.

Hapa, msomaji, ndipo ninapoona tofauti kati ya huzuni ya utotoni na huzuni ya utu uzima. Mtoto huuliza: nani atatutunza sasa? Mtu mzima huuliza: kazi gani imebaki, na sehemu yangu ni ipi? Swali la kwanza ni halali kabisa, kila mmoja wetu amepitia hapo. Lakini mtu akifika miaka 50 naye bado anauliza lile la kwanza tu, amebaki kinda katika kiota.

MSITUNI NA KINOLE

Mahali petu pa mwisho ni Kinole, upande wa mashariki wa milima. Kwa gari hapana budi kurudi mjini na kuzunguka kwa njia ya Bigwa, kwa sababu katikati upo msitu mkubwa, ambao tangu mwaka 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia. Mvua za Bahari ya Hindi hupiga upande huu kwanza. Humu ndimo yanamotoka maji ya Mto Ruvu, ambayo watu wa Dar es Salaam huyanywa mabombani. Humu pia wako ndege wasioonekana penginepo duniani.

Watu wanaoishi kando ya msitu wanajua kitu kimoja. Chini ya miti mikubwa kuna giza, na miche midogo hukaa humo miaka mingi bila kurefuka. Siku mti mkubwa unapoanguka, kishindo husikika mbali, ndege hutawanyika, na matawi huvunja kila kilicho chini. Lakini pale paliposhikwa na kivuli pameingia jua. Ukirudi baada ya mvua chache, ile miche iliyokuwa kimya imeanza kugombania juu. Mti haukuanguka ili miche ikue. Hata hivyo, mche usioinuka wakati ule, haujui utapata nafasi lini tena.

Na sasa Kinole. Hapa ni nchi ya migomba, mananasi, karafuu na pilipili manga. Tena ndipo yalipo makao ya Kingalu, ambaye tangu kale watu walimheshimu kwa mambo ya mvua. Lile soko kuu la mjini limepewa jina lake. Lakini jina la yupi? Maana Kingalu si mtu mmoja. Kingalu mmoja akifa, mrithi huchaguliwa katika ukoo, ambao kwa Waluguru hufuata upande wa mama, naye huvikwa jina hilo hilo. Tangu siku hiyo yeye ndiye Kingalu. Aliyemlilia marehemu jana, leo anaitwa kwa jina la marehemu, na watu humletea mashauri waliyokuwa wakimletea yule.

Katika familia za kawaida za Uluguru pia kurithi jina kunajulikana. Na katika matanga watani huja na mizaha yao, huwachekesha hata wafiwa, kazi za mazishi wanazishika wao. Wageni hushangaa. Lakini wenyeji wanajua kwamba mfiwa asipochekeshwa kidogo atajizika pamoja na maiti wake. Kwanza lia, kisha cheka, kisha pokea jina na mzigo wake. Desturi hiyo imebeba hekima yote niliyotaka kukuambia tangu tulipopanda basi.

Basi, msomaji mpendwa, siku moja redio itakatiza nyimbo zake tena, na sauti ya pole itaanza kusema. Kila mtu nyumbani atasikia kwa umri wake. Usimcheke kijana anayelia kwa kishindo, wala usimdhani mzee aliyenyamaza kuwa hana huruma. Wewe uliye mkubwa wa nyumba, fanya mambo matatu. Kwanza mwombee marehemu. Alisifiwa na wengi, lakini mbele ya Mungu amekwenda peke yake kama atakavyokwenda yeyote wetu. Pili, waketishe watoto uwaambie aliishije na alifanya nini, mazuri yake bila chumvi, na uwakataze uvumi. Tatu, chagua jambo moja alilolifanya vema, hata liwe dogo: uaminifu katika fedha za wengine, kuamka mapema, kusikiliza wanyonge, kupenda shule. Ulifanye lako.

Hutapewa cheo chake, na soko halitaitwa kwa jina lako. Lakini kijijini kwako kuna miche inayotazama juu. Inakutazama wewe.